Kuchanika wakati wa kujifungua: mliozaa kawaida bila ganzi, hii hofu mliifanyaje?

MamaKijacho_Tabata (#1)
Habari zenu wana jukwaa. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 33, kliniki wanasema kila kitu kiko sawa na mtoto ametanguliza kichwa. Uchungu wenyewe siuogopi sana, nimeshajiambia utakuja na utapita. Kinachoninyima usingizi ni kuchanika. Ofisini kuna dada alijifungua mwaka jana, kila tukikaa kula ananisimulia alivyoshonwa. Wifi yangu naye anasema bora uongezewe njia mapema, yaani ukatwe kwa mkasi, kuliko kuchanika ovyo. Mama anasema nizibe masikio. Nitajifungulia hospitali ya serikali, mambo ya ganzi ya mgongo hakuna. Mliopita huko: kuchanika kunasikika? Kunazuilika? Na usiku mlikuwa mnalalaje? Msije kunitisha, wa kunitisha ninao wa kutosha.

Mama Wawili (#2)
Karibu mdogo wangu. Wa kwanza nilichanika, wa pili sikuchanika. Kuchanika kwenyewe sikukusikia. Kichwa kinapotokeza unasikia moto pale chini, moto hasa, halafu mtoto huyo analia. Nesi ndiye aliyeniambia "mama, umechanika kidogo, tulia tukushone". Kilichoniliza ni kushonwa, maana walichoma ganzi na hapohapo wakaanza kazi, haikupewa muda wa kushika. Wewe usihangaike na ganzi ya mgongo, ulizia ya kushonea. Wakikugusa ukasikia maumivu sema, usijikaze.

Tuliza Boli (#3)
Mimi ni mwanaume, nimepita tu kusoma. Wife yuko wiki ya 30 na maswali ni hayahaya.

Sungura Mjanja (#4)
@Tuliza Boli kaa benchi la nyuma, tutakuita.

Pwani Raha (#5)
Watoto wa siku hizi mnaogopa kwa sababu hamna makungwi. Mimi ni wa Tanga. Mimba ikifika miezi saba unaanza bamia na mlenda, mtoto ateleze. Mwezi wa mwisho unajipaka mafuta ya nazi. Somo wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha. Nina wanne na sijawahi kuona sindano ya kushonea. Uchungu ukisuasua kuna majani unachemsha, yale sitayataja hapa.

Mkemia wa Makoroboi (#6)
Mama, shikamoo, lakini bamia inakwenda tumboni na mtoto yuko kwenye mfuko wa uzazi. Hapo ni sawa na kumwaga mafuta reli ya Tazara ukitegemea treni ya Mwanza iteleze.

Pwani Raha (#7)
Marahaba. Wewe umezaa wangapi?

Mkemia wa Makoroboi (#8)
Nimenyamaza.

Nesi Mstaafu (#9)
Nimefanya kazi leba miaka mingi, niongee kidogo.

Tunachozungumzia ni msamba, ile nyama kati ya uke na haja kubwa. Kuchanika kuna daraja nne. La kwanza ni ngozi tu, mara nyingine halishonwi hata. La pili linafika kwenye misuli ya msamba, hili linashonwa na ndilo wengi mnalolisimulia ofisini. La tatu linagusa msuli unaofunga haja kubwa. La nne linapitiliza hadi utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. La tatu na la nne anashona mtaalamu aliyezoea, ikibidi chumba cha upasuaji.

Nikupe takwimu za Uingereza, wao wanahesabu vizuri. Wanaozaa kawaida kwa mara ya kwanza, hadi 9 kati ya 10 wanapata mchubuko, mchaniko au mkato wa aina fulani. Lakini daraja la tatu na la nne ni kama 6 kwa kila 100 wa mimba ya kwanza, na chini ya hapo kwa waliowahi kuzaa kawaida. Kwa hiyo usiulize "nitachanika?" maana pengine utachanika kidogo. Uliza "nani atakuwa ameweka mkono pale kichwa kikitoka, na anajua kazi?"

Kuhusu kuongezewa njia. Enzi zetu mimba ya kwanza wote tulikuwa tunakata, ndivyo tulivyofundishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2018 unasema kumkata kila mtu kwa mazoea hakupendekezwi. Mkato wenyewe unapita kwenye misuli, yaani umeshajipa daraja la pili bila kujua kama ungechanika au la. Mkato una sababu zake: mapigo ya moyo ya mtoto yameshuka na anatakiwa atoke sasa hivi, au anavutwa kwa vifaa. Nje ya hapo muulize anayeshika mkasi ni kwa nini.

Pwani Raha dada yangu, hayo majani ya kuongeza uchungu naomba yabaki hukohuko bila kutajwa. Nimeona mfuko wa uzazi umepasuka. Sitasimulia, binti ameomba asitishwe.

Shosti wa Sinza (#10)
Mimi niliongezewa njia na nikapona vizuri sana. Wifi yako ana hoja. Mkato unanyooka, daktari anashona mstari mmoja. Kuchanika kunakwenda kunakotaka.

Nesi Mstaafu (#11)
Nafurahi ulipona. Hiyo ya mstari ulionyooka nasi tuliimba sana. Tafiti zilipofanywa hazikuonyesha kwamba anayekatwa kwa mazoea anapona vizuri zaidi. Tena mkato nao unaweza kuendelea kuchanika, hasa ule unaoshuka katikati moja kwa moja. Ndiyo maana mkunga akikata anakwenda pembeni kwa mshazari.

Shosti wa Sinza (#12)
Sawa, lakini mie ningepewa kuchagua tena ningekatwa. Angalau nilijua kinachokuja.

Njoki254 (#13)
Niaje watu wa TZ, mimi niko Nakuru. Kuanzia wiki ya 34 nilikuwa nakanda huko chini kwa vidole na mafuta safi, dakika chache jioni. Unanawa mikono, unakata kucha, unaingiza kidole gumba kidogo tu na kuvuta pole pole kuelekea chini na pembeni mpaka usikie inawaka, unashikilia, unaachilia. Bwana yangu alicheka wiki ya kwanza, ya pili akawa ananikumbusha.

Je, ilizuia? Nilichanika kidogo na nikapigwa stichi. Lakini faida niliyoiona ni nyingine. Ule moto anaousema Mama Wawili nilikuwa nimeshauzoea. Ulipokuja siku yenyewe sikushtuka, nilijua huu ni ule ule, umeongezeka tu. Msichana wa kitanda cha pili alidhani anakufa.

Nesi Mstaafu (#14)
Njoki yuko sahihi. Hiyo ya kukanda tangu wiki ya 34 au 35 imepimwa, kwa mimba ya kwanza inapunguza kidogo kushonwa na kukatwa. Mwenye maambukizi ukeni au aliyetokwa damu aulize kwanza kliniki.

Mbongo wa Oslo (#15)
Huku Norway mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuchanika kwa daraja la tatu na la nne kulifika kama asilimia 4 ya wanaozaa kawaida, wakashtuka. Majirani zao Finland walikuwa chini sana. Wakaenda kujifunza: mkono mmoja unapunguza kasi ya kichwa, mwingine unashika msamba, mama anaambiwa aache kusukuma kichwa kikianza kutoka, na mkunga lazima auone msamba muda wote. Ndani ya miaka michache idadi ikashuka karibu nusu. Nakubaliana na nesi, ni mikono.

Na mnaodhani sisi wa ganzi ya mgongo tunasalimika, hapana. Ganzi inaondoa maumivu, haizuii kuchanika. Aliyepigwa ganzi anaweza kushindwa kusukuma vizuri, akaishia kuvutiwa mtoto kwa koleo au kifaa cha kunyonya kichwa, na hivyo ndivyo vinavyochana, koleo hasa. Kwa hiyo mleta mada usijione umenyimwa ulinzi.

Mama Wawili (#16)
Kwangu ni mkao. Wa kwanza nililazwa chali miguu juu. Wa pili nilifika nimechelewa, nikazaa nimepiga magoti nimeshika kitanda. Sikuchanika hata kidogo. Bibi zetu walikuwa wanachuchumaa, nani alikuwa anawashona?

Mkunga Kijana Kahama (#17)
Mama Wawili alisema: *Sikuchanika hata kidogo*

Dada, yule alikuwa wa pili, njia ilishapitwa. Huwezi kuupa mkao sifa zote. Tafiti zilizolinganisha waliozaa wima na waliolala chali, wote bila ganzi ya mgongo, zinasema wa wima wanakatwa kidogo zaidi, ila kuchanika daraja la pili huenda kukaongezeka. Mimi kwa mwenye hofu ya kuchanika napenda alale ubavu au apige magoti na mikono. Kichwa hakiji kwa kishindo na mimi naona ninachokifanya. Kuchuchumaa kunasaidia mtoto ashuke, ila kinapotaka kutoka kinaweza kutoka haraka mno.

Na bibi zetu walichanika sana tu. Hawakushonwa, basi.

Mama Wawili (#18)
Ulikuwepo?

Mkunga Kijana Kahama (#19)
Sikuwepo, ila nimewapokea wakiwa bibi, wamekuja na matatizo ya kushindwa kuzuia choo waliyoyaficha tangu ujana.

Sungura Mjanja (#20)
Sijui kama niseme. Jirani yetu kijijini alichanika, akapata fistula, mkojo ukawa unamtoka wenyewe. Mume akamrudisha kwao. Hiyo ndiyo ninayoiogopa mimi.

Nesi Mstaafu (#21)
Hapo unachanganya, na wengi wanachanganya. Fistula ya mkojo kwa kawaida inatokana na uchungu uliokwama: kichwa kimeng'ang'ania kwenye nyonga siku nzima au mbili, nyama iliyobanwa inakosa damu, inakufa, baada ya siku kadhaa inadondoka na tundu linabaki. Si suala la msamba kuchanika. Kinga yake ni kufika hospitali mapema na kufanyiwa opareshen kwa wakati ikibidi. Mchaniko wa daraja la nne usiposhonwa unaweza kuacha tundu kati ya uke na haja kubwa, hilo kweli, ila ni jambo jingine. Na huyo jirani kama bado yupo hivyo, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanatibu fistula bure. Asikae.

Sungura Mjanja (#22)
Asante nesi. Nampigia dada yangu leo amfikishie.

Ua la Hanang (#23)
Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni wa Manyara, nilikeketwa nikiwa mdogo. Mimba yangu ya kwanza. Kovu nalihisi ni gumu. Kliniki hakuna aliyewahi kuniuliza na mimi sijasema. Nitachanika zaidi ya wenzangu?

Nesi Mstaafu (#24)
Mwanangu, umefanya vyema kuuliza. Ngozi ya kovu haivutiki kama ngozi nyingine, kwa hiyo uwezekano wa kuchanika au kukatwa unaongezeka. Utafiti mkubwa wa WHO uliotoka 2006, nchi sita za Afrika na Kenya ikiwemo, ulionyesha hilo, na kadiri ukeketaji ulivyokuwa mkubwa ndivyo hatari ilivyozidi. Lakini waliozaa salama ni wengi mno. Waambie kliniki sasa, wiki hii, waandike kwenye kadi. Watakuangalia ni aina gani. Kama njia imebanwa sana inafunguliwa mapema au wakati wa uchungu, kwa mpango. Kibaya ni mkunga kugundua kichwa kikiwa mlangoni. Usione aibu, hauko peke yako. Takwimu za kitaifa za 2022 zilikuwa asilimia 8 ya wanawake wa Tanzania, na kwenu Manyara ni zaidi ya hapo. Aliyepaswa kuona aibu si wewe.

Mkunga Kijana Kahama (#25)
Dada wa Hanang, wa kliniki akikupokea vibaya omba mwingine. Usiondoke bila kuandikiwa.

MamaKijacho_Tabata (#26)
Asanteni sana, nasoma zote. Ua la Hanang nakukumbatia, tuko pamoja. Ila naona mmejibu mwili zaidi. Ile ya saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio, nalia bila sababu, hiyo mnaifanyaje?

Mtulivu Moro (#27)
Hofu inakaza misuli, misuli iliyokazwa inauma zaidi, maumivu yanaongeza hofu. Ukilegeza taya na mabega, na huko chini kunalegea. Jaribu sasa hivi ulipokaa: kaza meno, halafu achia uone. Mimi nilikuwa naimba kwa sauti nzito ya chini, "ooo", manesi wakadhani nimepagawa. Mwenye amani hachaniki ovyo.

Jasiri Muoga (#28)
Mtulivu, hiyo sentensi ya mwisho ifute. Mimi nilitetemeka kwa woga mpaka kitanda kikalia, na sikuchanika. Mdogo wangu ni mtu wa sala, alikwenda anatabasamu, mtoto kilo 4.2, alichanika daraja la tatu. Sasa tumwambie alikosa amani? Mtoto mkubwa, mtoto aliyetazama juu, mabega yaliyokwama, hayo hayaangalii moyo wako. Msimwongezee mtu mzigo wa kuogopa kwamba anaogopa.

Mtulivu Moro (#29)
Sikumaanisha hivyo. Lakini maumivu yanapungua, hilo sifuti.

Jasiri Muoga (#30)
Maumivu sawa.

Shosti wa Sinza (#31)
Mimi usiku nilikuwa naandika. Karatasi moja, kila ninachoogopa, mbele yake jina la wa kumuuliza. Nusu ilikuwa ya nesi, robo ya mume, iliyobaki ya Mungu. Na yule wa ofisini mwambie tu hutaki, hamia meza nyingine. Mimi nilihamia kwa mafundi wa genereta, walikuwa wanaongea Simba na Yanga tu.

Halafu kama kulia kunazidi, kula huli, au unaanza kuwaza kuomba opareshen kwa sababu ya woga peke yake, sema kliniki. Hofu ya kuzaa ni ugonjwa unaojulikana, kuna watu inawafika hapo. Sio deko.

Njoki254 (#32)
Na opareshen nayo ni kuchanwa, tumbo zima. Watu husahau.

Mkunga Kijana Kahama (#33)
Hapa tumekaa vizuri, niongeze la leba yenyewe. Usisukume kabla mlango wa kizazi haujafunguka sentimita 10 hata kama mwili unataka, nao unaweza kuvimba au kuchanika. Ukifika wakati, zile kelele za "sukuma, sukuma, usiachie!" huenda zikasaidia pale mtoto bado yuko juu. Kichwa kikishatokeza kisirudi ndani, achana na wapiga kelele. Hema pumzi fupi fupi, mdomo wazi, kiache kitoke chenyewe taratibu. Akikubonyeza tumbo juu kwa mikono ili mtoto atoke, kataa, WHO imelikataa hilo. Na kabla ya siku, muulize mkunga kama anaweza kukuwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba wakati unasukuma. Kinapunguza michaniko mikubwa na hakina gharama.

Shosti wa Sinza (#34)
Maji ya uvuguvugu, wodi nyingine hata ya baridi unaingia nayo kwenye ndoo yako.

Mkunga Kijana Kahama (#35)
Kweli. Ndiyo maana nasema beba chupa ya chai.

Mchaga wa Rombo (#36)
Mnaongea ya leba tu, mbona hamsemi choo cha kwanza? Mimi niliogopa kile kuliko kuzaa. Nilidhani nyuzi zote zitakatika. Hazikatiki. Mama alininywesha mtori na papai mpaka nikamkimbia. Maji mengi, uji, usikae na choo. Bonyeza kitambaa safi pale kwenye nyuzi ukiwa umekaa, utajiamini.

Pwani Raha (#37)
Na kukandwa maji ya moto pamoja na beseni la maji ya chumvi asubuhi na jioni. Hapo nesi hatanipinga.

Nesi Mstaafu (#38)
Nitakupinga nusu. Kuoga na kujisafisha kwa maji safi kunatosha, chumvi haidhuru ila usimimine nusu pakiti. Maji ya moto sana yanaunguza, nimewaona wamebabuka. Ya vuguvugu, kausha kwa kugusagusa, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Nyuzi za siku hizi zinayeyuka zenyewe. Harufu mbaya, usaha, homa, au hewa na choo vinatoka bila kuzuilika: rudi hospitali, usisubiri arobaini.

Pwani Raha (#39)
Binti zangu wote watatu niliwakanda kwa mikono hii na wamekaa vizuri kwa waume zao.

Sungura Mjanja (#40)
Tuliza Boli bado upo au umezimia?

Tuliza Boli (#41)
Nipo, nimepauka tu. Nina swali moja. Naruhusiwa kuingia naye leba? Anasema akiniona atatulia.

Jasiri Muoga (#42)
Mimi niliingia na shangazi, alinishika mkono mwanzo mwisho. Hospitali binafsi, nililipia.

Mkunga Kijana Kahama (#43)
Mwongozo wa WHO unataka kila mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe. Tatizo ni majengo. Leba ikiwa ukumbi mmoja na vitanda vimepangana, ukimwingiza mume mmoja wanawake wengine wote wako wazi. Penye mapazia au vyumba wanaruhusu, na mara nyingi ni rahisi zaidi kumruhusu mama au dada.

Tuliza Boli (#44)
Tuko Mwanza. Kuna anayejua wapi wanaruhusu wanaume?

Mama Wawili (#45)
Inategemea wodi na siku. Nenda naye kliniki ukamuulize mkuu wa leba mwenyewe, usimuulize mlinzi wa getini.

Mkemia wa Makoroboi (#46)
Mlinzi ndiye mkuu wa hospitali, mama, hujui tu. Anza naye, na soda mkononi.